Memorial ya Nakhumicha

Nilijua nimekufa siku ya Alhamisi asubuhi, nikiwa kitandani nasubiri chai ipoe. Simu ilianza kutetemeka juu ya kiti changu cha magurudumu, ikatetemeka mpaka ikaanguka sakafuni, na nilipoiokota nikaona picha yangu. Ni ile ya kitambulisho cha chama chetu cha watu wenye ulemavu, ambayo sijawahi kuipenda kwa sababu ninaonekana kama mtu aliyeamrishwa na askari atabasamu. Juu yake waliandika kwa herufi nyekundu: NAKHUMICHA MEMORIAL CUP. Chini yake: Jumamosi, mpira wa kikapu kwa viti vya magurudumu, timu zote mnakaribishwa. Na kwenye kona wakaweka njiwa mweupe.

Ni yule njiwa aliyenimaliza.

Mtu asiyetoka pande hizi anaweza kuuliza shida iko wapi. Kombe ni kombe. Lakini huku kwetu ziwani, kuanzia Awasi mpaka Usenge, kombe likiitwa Memorial basi mwenye jina yuko chini ya udongo. Kila Desemba vijana huchezea kombe la chifu aliyekufa, mwalimu aliyekufa, mama mzazi wa mwanasiasa aliyekufa. Mshindi hupewa fahali, wa pili hupewa mbuzi, na pasta hufungua kwa maombi marefu. Sijaona hata mmoja akichezewa Memorial huku anakunywa chai.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye, lakini nitakisema sasa ili tusizungushane. Katibu wetu, Enos, alitaka kunifanyia jambo zuri. Nilikuwa nimelazwa hospitali wiki iliyotangulia, malaria imenikalia vibaya, na yeye bila kuniuliza akaamua kombe letu la mwaka huu libebe jina langu. Akaenda soko la Kibuye kwa Muturi, yule anayechapisha mabango kando ya wauza mitumba, akamwambia aandike Nakhumicha Memorial Cup. Enos amekulia Usenge. Tangu azaliwe hajawahi kuona kombe ambalo si Memorial, na kwake yeye neno hilo ni sehemu ya kombe, kama mshikio wake. Muturi naye hakuuliza. Aliongeza njiwa kwa hiari yake. Enos akatuma bango kwa makundi yote ya WhatsApp, kisha akavuka maji kwenda kisiwani kumzika shangazi yake. Huko kisiwani simu hushika mtandao ukipanda juu ya mwamba, na Enos hutembea kwa magongo. Hapandi miamba.

Kwa hiyo nikawa marehemu. Walionijua walijua nimekuwa hospitali, hawakuona ajabu. Na wawili tu ndio wangeweza kusema vinginevyo: mmoja alikuwa kisiwani, mwingine alikuwa mimi.

Rambirambi zilimiminika. Simba jike amelala. Nguzo yetu imeanguka. Lala salama, Mama wa Rampu. Mkubwa mmoja wa ofisi fulani, sitaitaja, ambaye niliwahi kumsubiri chini ya ngazi zake tangu asubuhi mpaka mlinzi akaja kufunga, aliandika kwamba nilikuwa dada yake wa damu. Mwingine akaandika kwamba nilikuwa sauti ya wasio na sauti. Hilo neno nimelichukia miaka yote. Wenzangu wana sauti, tena kubwa. Njoo uwanjani siku mchezaji amenyimwa pasi utasikia.

Lakini sitadanganya, nilifurahi. Nilisoma yote, nikarudia. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana. Nimegombana na mabenki kwa sababu ya ngazi mpaka wakaweka rampu, mteremko wa kupitisha viti, nimegombana na stendi kwa sababu ya vyoo, nimegombana na wazazi waliokuwa wanawafungia watoto wao ndani kwa aibu. Nimeanzisha timu ya kikapu kwa viti vilivyokuwa vinapigwa welding kila wiki. Hakuna aliyewahi kunieleza nilichofanya kwa maneno mazuri kama yale. Nikamtafuta Beldina katikati ya zile jumbe, nione yeye ameandika nini. Beldina ni nahodha wetu. Nilimkuta Awasi akiuza miwa akiwa ameketi juu ya gunia, mwaka mmoja baada ya lori kumkata miguu, nikamweka kwenye kiti chake cha kwanza na kumtia mpira mikononi. Sasa hutoa pasi bila hata kuangalia, na mpira hufika. Beldina hakuwa ameandika kitu. Hata alama ya kulia hakuweka.

Nilisema moyoni, hata Beldina.

Basi nikaanza kuandika, "Niko hai, jamani, msiniue kabla ya wakati." Kidole kilikuwa tayari kutuma pale mtu mmoja alipouliza, "Kwake ni wapi tuende tukakae na familia?"

Hilo ni swali la kawaida kabisa. Huku mtu akifa, watu huenda. Hawangojei kuitwa. Viti hukodishwa, turubai hufungwa, wanawake huja na sukari na majani ya chai, na hata yule mliyenuniana huja akakaa kwako mpaka jioni. Kwa hiyo nikasubiri nione jibu.

"Si ni Manyatta?" akaandika mmoja.

"Wa Manyatta ni ule mwingine haoni."

"Nadhani Milimani. Alikuwa anapenda kizungu sana."

"Mimi tulikuwa tunapatana tu town."

"Kwani hakuna mtu anajua kwake?"

Kisha kimya. Kundi lile lina watu wengi kuliko wanaoweza kutoshea kwenye ukumbi wowote niliowahi kuhutubia, na wote walikuwa macho, nawaona wanasoma. Hakuna aliyejua. Waliendelea kuweka mishumaa na maua, lakini lile swali liliachwa pale pale.

Nikafuta maneno yangu. Nikaweka simu kando, nikasema hebu tuone. Kisumu si Nairobi. Mtu akitaka kukupata, anauliza, anapelekwa. Nilitaka mtu mmoja tu abishe hodi mlangoni kwangu. Mmoja. Akija nitamwambia niko hai, nitampa chai, tutacheka mpaka majirani wachungulie. Na asipokuja hata mmoja mpaka Jumamosi, basi nitakuwa nimejua. Nitakuwa nimejua nini, sikutaka kujiambia.

Ninaishi Nyalenda, chumba cha mwisho kwenye kichochoro kinachoishia kwenye bomba la maji. Ni chumba kizuri. Kina dirisha, kina umeme, na majirani hawapigani sana. Lakini mlangoni kina ngazi. Ni moja tu, ya simiti, ndefu kiasi cha kumfanya mtoto mdogo apande kwa mikono na magoti. Mzee Laban, mwenye nyumba, aliijenga kwa sababu mvua ikinyesha maji hupita kichochoroni kama mto na kuingia kwa watu.

Nilimwomba rampu. Akakataa. Nikamwomba tena, nikamletea mchoro.

"Mama, mimi nakuheshimu," aliniambia. "Lakini nikiweka hiyo kitu hapo, maji itapita wapi? Itaingia kwa Mama Valerie."

Nilienda kupima mwenyewe mvua iliponyesha, nikiwa na hamu kubwa ya kumkuta na makosa. Mzee alikuwa amesema kweli. Na nyumba ambazo mlango wake uko sawa na ardhi ni zile zenye geti na maua, ambako mshahara wangu haujawahi kufika. Kwa hiyo Mama wa Rampu, aliyeyafanya mabenki yabomoe milango yake, analala kwenye nyumba isiyo na rampu.

Kutoka kwangu ni hivi. Nasukuma kiti kwanza, kinashuka kichochoroni. Mimi najishusha sakafuni, natambaa kwa makalio mpaka kwenye ngazi, nashuka, nakaa kwenye tope au vumbi, kisha napanda kiti kwa nguvu za mikono. Nafanya hivyo alfajiri kabla watu hawajaja kuteka maji, na kurudi nangoja giza liingie, watu wawe kwenye taarifa ya habari. Gauni hupanda, miguu hunifuata kama nguo zinazoburutwa. Sijawahi kumruhusu mtu yeyote anione hivyo. Mtu akitaka kunisindikiza nyumbani, namwambia aniache pale barabarani kwa wauza samaki, kuna mtu ananingoja. Hakuna anayeningoja. Nasubiri mwenye kunisindikiza apotee, ndipo naanza kusukuma.

Ninaogopa kuambiwa pole, ndiyo sababu yenyewe. Nimeambiwa pole nikinunua nyanya. Nimeambiwa pole nikiwa nimeshika kombe tulilolishinda. Niliwahi kuambiwa pole na kijana aliyekuwa ananipora simu. Alisema pole mama, akaenda nayo. Wajaluo nao wana yao, mos, ambayo husemwa taratibu zaidi na kichwa kikiwa kimeinama, na hiyo huuma vibaya zaidi kwa sababu ni ya upole kweli. Hadharani nawafundisha watu wasiseme. Wakiniona nikitambaa, ningewalaumu vipi?

Basi Alhamisi ile nilifagia. Nikaosha sufuria kubwa, nikatandika kitambaa kipya juu ya kochi. Nikavuta pazia la mlangoni na kuacha mlango wazi nyuma yake, nikamwita Mama Valerie, jirani wa mlango wa kijani, anayeuza omena, dagaa wa ziwani, na hana muda wa WhatsApp, aniazime vikombe.

"Uko na wageni, Mama?" akauliza akiwa amesimama pale chini.

"Huenda."

"Ni poa. Hii nyumba yako huwa kimya sana."

Mchana simu iliita. Ilikuwa Jacinta, wa shirika moja la mjini la watu wenye ulemavu. Jacinta huyu tumefanya naye kazi muda mrefu, tena tulilala chumba kimoja kwenye semina Naivasha, akanisimulia habari za mume wake mpaka karibu kukucha. Nikapokea nikiwa tayari kucheka.

"Halo, poleni sana," akasema kwa sauti ya kanisani. "Naongea na nani wa familia?"

Nikangoja anitambue. Nikasema, "Dada yake."

"Pole sana dada. Mimi naitwa Jacinta. Tunataka kuprint programu ya marehemu, sasa tunaomba picha moja mzuri. Kama inawezekana, akiwa amesimama."

"Hakuwahi kusimama."

"Hata akiwa mdogo?"

"Polio ilimpata kabla hajajua kutembea."

"Basi ni sawa, tutakata hapa kwa kifua. Na nyumbani ni wapi, tutume gari?"

"Kwani hamjui?"

"Dada, nitakuambia ukweli. Hapa ofisini kila mtu anasema mwingine ndiye anajua."

"Mimi natoka Kimilili," nikamwambia. "Hata mimi sijui mji wenu." Nikakata simu.

Nililia. Wala si kwa sababu ya picha. Mambo ya picha nimeyazoea, watu hupenda kutukata kifuani. Nililia kwa sababu nilikuwa nimezungumza naye kwa sauti yangu ile ile, sikuibadili hata kidogo, na Jacinta hakunitambua. Niliketi nikahesabu waliowahi kuingia kwenye chumba hiki: fundi wa umeme, Mzee Laban na mchoro wangu, na ndugu yangu Wakoli, kabla hajaenda Uarabuni kutafuta kazi na kunyamaza huko. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa mpweke tangu zamani, ila kelele za mikutano zilinizuia kusikia.

Ijumaa nikavaa gauni la bluu, lile la sherehe, nikakaa nyuma ya pazia. Nikasikia kila kitu kilichopita kichochoroni: ndara, kuku, watoto wa shule, mama mmoja akimtukana mume wake ndani ya simu. Kila hatua iliyokaribia niliisikiliza mpaka ipite. Mchana nikasikia magurudumu. Yalikuja polepole, yakasimama karibu, mtu akaongea na Mama Valerie maneno machache ambayo sikuyasikia vizuri, kisha yakaondoka. Mkokoteni wa maji, nikawaza. Sikufungua pazia. Ukifungua pazia ukakuta mkokoteni, unakuwa umepoteza kitu mara mbili.

Jioni, jua bado lipo, Enos akapiga simu. Alikuwa amevuka, ameshuka Usenge, mtandao umemwangukia wote kwa mpigo.

"Madam?"

"Enos."

"Madam, uko?"

"Niko wapi?"

"Nauliza tu. Yaani uko... uko?"

"Niko, Enos. Sijaenda mahali."

Nilimsikia akikaa chini, magongo yakaanguka juu ya mawe. "Asante Mungu. Watu wananitumia rambirambi hapa, nikasema labda umekufa nikiwa kwa matanga ya watu. Nani amesema hii maneno?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Soma bango lako."

Akasoma kwa sauti. Nakhumicha. Memorial. Cup. Akasema hakuna makosa, hata jina langu Muturi ameliandika sawa.

"Enos, Memorial ni ya mtu aliyekufa."

"Lakini tournament zote si ni Memorial, Madam?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na kucheka kulinitoka vibaya, kama kikohozi. Yeye hakucheka. Aliomba msamaha mpaka nikamwomba anyamaze. Alisema angekuja hapo hapo kuniona aombe msamaha uso kwa uso, tukutane pale barabarani kwa wauza samaki. Na yeye hajui zaidi ya pale. Nikamwambia apumzike, ametoka mazishini.

Akatuma ujumbe kwenye makundi: "Marehemu yuko hai. Samahani kwa usumbufu. Mechi iko vile vile."

Wakacheka. Wakaweka vidole gumba na mikono ya kuomba. Mungu ni mwema. Shetani ameshindwa. Mtu mmoja akalalamika kwamba ameshanunua riboni nyeusi. Kisha wakaanza kufuta. Nilikaa nikiangalia jumbe zikiondoka moja baada ya nyingine, na mahali pake pakiachwa yale maandishi hafifu, ujumbe huu umefutwa. Simba jike akafutwa. Nguzo ikafutwa. Dada wa damu alifutwa mapema sana. Lile swali la kwangu ni wapi nalo likafutwa na aliyeliuliza mwenyewe, na sikuona mtu mwingine akiliuliza. Nikiwa maiti walitaka angalau kujua mlango wangu. Sasa nilikuwa hai, na hakukuwa na haja.

Nikavirudisha vikombe kwa Mama Valerie kupitia dirishani.

"Wageni walikuja?"

"Hawakuja."

"Aki pole," akasema, na safari hii sikuwa na nguvu ya kumfundisha.

Jumamosi sikutoka alfajiri. Nilijiambia sitaenda, wacheze Memorial yao bila mimi, itakuwa na maana zaidi. Jua likapanda, watu wakajaa bombani na madumu yao ya manjano, na sasa hata kama ningetaka kutoka nisingeweza bila kutambaa mbele ya mtaa mzima. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe vizuri kabisa. Nikawa nimeketi kwenye kiti changu katikati ya chumba, nimevaa tena lile gauni la bluu bila sababu, niliposikia yale magurudumu ya jana. Yalifika mlangoni yakasimama.

"Hodi."

Nikafungua pazia. Alikuwa Beldina. Tope lilikuwa limefika mpaka katikati ya tairi zake, kichwani amefunga kitambaa cheusi, na juu ya mapaja amepakata mfuko: sukari, majani ya chai, mkate. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Nyuma yake bombani maji yaliendelea kumwagika ndani ya dumu.

"Kumbe uko," akasema.

"Niko."

"Niliambiwa kwa soko umekufa. Simu yangu iliingia maji."

"Ni Enos. Aliandika Memorial."

Akalifikiria hilo kwa muda, vile yeye hufikiri uwanjani refa anapotoa uamuzi wa kijinga. Kisha akavua kile kitambaa cheusi na kujifuta nacho uso wote.

"Nimelia bure," akasema. "Tangu Alhamisi nalia bure, Nyar Kimilili."

Wajaluo humwita mwanamke kwa jina la kwao: nyar, binti wa mahali fulani. Beldina peke yake ndiye huniita hivyo. Wengine wote huniita Madam, au Mama, au mheshimiwa wakitaka kitu.

"Umenitafuta tangu Alhamisi?"

"Si nilijua tu ni Nyalenda? Siku moja nilikufuata mbali kidogo, nikaona umeingia hii upande, ukapotea. Nimezunguka yote. Jana nilifika hapa hapa nikapita, leo nimerudi kwa sababu kwingine kote nimemaliza." Akageuza viganja vyake nivione, ngozi ilikuwa imechubuka kwa kusukuma. "Nikauliza huyo mama wa mlango ya green, akaniambia kuna mama wa wheelchair hapa, lakini huyo hajakufa, amemwona akianika nguo dirishani. Nikasema basi si yeye. Halafu nikaangalia nyumba, nikajua kweli si yeye."

"Uliangalia nini?"

Beldina aliishushia macho ile ngazi, kutoka juu mpaka chini.

"Nilikuwa natafuta nyumba iko na ramp," akasema.

Nimesimamishwa mbele ya mabunge na wakubwa, yaani nimeketishwa, na sijawahi kukosa neno. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumweleza habari za maji na Mama Valerie na mchoro, nikaishia kusema, "Mwenye nyumba alikataa."

"Mm," akasema Beldina.

Nikamwambia nitampa chai. Akasema hawezi kuingia. Nikasema najua. Nikasema nitamkabidhi kikombe hapo hapo mlangoni, na nilipokuwa nageuka nikakumbuka kwamba vikombe nimevirudisha, kimebaki changu kimoja.

"Wacha chai," akasema. "Toka wewe. Watu wako uwanjani, mwenye Memorial hayuko."

"Tangulia. Nitakuja."

"Nitangulie niende wapi? Nimekutafuta siku zote hizi halafu nikuache kwa mlango?"

Nikasubiri ageuze uso. Mtu mwenye adabu angegeuza uso. Beldina hakugeuza. Aliketi pale pale, akafunga breki zake, akaninyooshea mikono miwili, na nikaelewa kwamba anataka kiti, hanitaki mimi.

Nikajishusha sakafuni. Nikakisukuma kiti, naye akakipokea kabla hakijaruka ngazi, akakitua taratibu, akakigeuza upande ufaao. Alijua upande. Bila shaka kwake pia kuna mlango. Sikuwahi kumwuliza, miaka yote hiyo nimemfundisha pasi na sheria, na sikuwahi kumwuliza anaingiaje kwake.

Nikatambaa. Simiti ilikuwa baridi, gauni la sherehe likapanda, na wale wa bombani wakaacha dumu lifurike. Nikasikia mtu akivuta pumzi ya kusema lile neno. Beldina akasema kitu kwa Kijaluo bila kugeuka, kifupi, na yule mtu akalimeza. Nikashuka ngazi. Nikaweka kiganja kwenye tope, kingine kwenye kiti, nikajivuta. Beldina alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili, mishipa imemsimama, kisisogee hata kidogo. Hakunishika mimi. Alikishika kiti mpaka nilipokaa, mpaka nilipoipanga miguu yangu na kushusha gauni, ndipo akakiachia.

Hakusema pole. Hakusema mos.

"Sukari nirudi nayo?" akauliza.

"Iache. Tutakunywa tukirudi."

Akautupa mfuko wote ndani kupitia mlangoni bila kuangalia, ukatua katikati ya kochi. Kichochoro kile hakitoshi viti viwili sambamba, kwa hiyo alitangulia yeye, nami nikamfuata nyuma, tope likituruka mikononi. Kila baada ya nyumba chache aligeuza kichwa kuangalia kama niko.